Planktoni hukimbia jua mchana, mbona usiku wanajaa kwenye taa ya dagaa?

KinaKirefu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jambo hili limenikaa kichwani tangu giza la mwezi uliopita, nilipotoka na boti ya dagaa. Taa zilipokwisha kukaa majini kama nusu saa, nilichota maji ya ubavuni kwa chupa ya plastiki, nikaimulika kwa tochi ya simu. Maji yaliyoonekana safi yalikuwa yamejaa punje. Nyingine zinaruka kwa kushtuka, nyingine zinateleza polepole kama vumbi kwenye mwale wa jua dirishani. Haikupita dakika, karibu zote zimebanana upande wa tochi. Nikahamisha tochi upande wa pili, zikahama nazo. Nahodha akasema, "Hao wanapenda mwanga. Ndiyo maana dagaa wanakuja."

Nikamwitikia, lakini moyo haukutulia. Mchana wa siku ileile, jua la utosi, nilikuwa nimevuta wavu mdogo wa shashi juu ya maji mahali palepale, nikaambulia vichache mno. Usiku wavu uleule ulitoka na uji mzito. Sasa kama wanapenda mwanga, mchana walikuwa wapi?

Kwa asiyewafahamu: planktoni ni viumbe wote wa majini wanaochukuliwa na mkondo kwa kuwa hawana ubavu wa kupingana nao. Wamo mwani wa seli moja, kopepodi (hao wanaoruka kwa kushtuka), mabuu ya kaa, kamba, chaza na minyoo, hata yavuyavu. Mkondo ukienda kaskazini nao wanakwenda kaskazini. Lakini upo mwelekeo mmoja ambao wanautawala wenyewe, nao ni juu na chini. Jua likizama wanapanda, kukipambazuka wanashuka, wengine mamia ya mita. Ukipima kwa uzito wa wanaohama, hakuna msafara mwingine wa wanyama duniani unaofikia huu, na huo hufanyika kila siku iendayo kwa Mungu.

Habari yenyewe ni ya siku nyingi. Mwaka 1817 mwanasayansi Georges Cuvier wa Ufaransa aliandika juu ya viroboto-maji wa maji baridi wanaopanda na kushuka kwa kufuata saa za siku. Kwa bahari kuu, ushahidi mzito ulikuja kwa bahati tu, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942, nje ya pwani ya California, watafiti wa sona ya kusakia nyambizi (chombo kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake) walipokea mwangwi kutoka mamia ya mita chini, mahali ambapo sakafu halisi ya bahari ilikuwa mbali zaidi. Wakaiita sakafu ya uongo. Mwaka 1945 Martin Johnson wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Scripps aliifuatilia usiku na mchana, akaikuta inapanda magharibi na kushuka alfajiri. Ikawa wazi kwamba mwangwi ule unatoka kwenye viumbe.

Sababu ya safari inaeleweka: chakula kiko juu kwenye mwanga, na macho ya samaki wanaowala yako hukohuko. Kinachonishughulisha mimi ni namna wanavyoifanya. Buu ni mdogo kama chembe ya chumvi, hana ubongo wa kutajika, yuko katikati ya maji na pande zote zinafanana. Juu anaijuaje? Nimesoma kwa miezi, nitaweka hapa kidogo kidogo. Wenye ujuzi wa bahari naomba mchangie.

Karabai_Mbili

Kijana, umegusa kazi yangu. Nimevua dagaa tangu enzi ya karabai za mafuta ya taa mpaka leo tunatumia taa za betri. Naongeza mambo mawili ambayo mvuvi yeyote wa dagaa anayajua.

La kwanza, mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu hatutoki, tunashona nyavu. Si kwamba dagaa wamekwisha baharini, ila hawakusanyiki. Unawasha taa zote na maji yanabaki matupu.

La pili, taa huzizimi ghafla. Ukikaribia kuzungusha wavu unazipunguza moja moja, unabaki na moja hafifu. Hapo ndipo dagaa wanapanda juu kabisa na kujibana kuizunguka. Ukizima zote kwa mara moja wanatawanyika, na kazi ya usiku mzima imekwenda.

Sasa nieleze wewe uliyesoma: mwezi una nini na taa?

Chembe

Nadhani tunakuza jambo dogo. Vitu vyepesi huelea. Labda usiku maji yakipoa vinapanda vyenyewe.

KinaKirefu

Shikamoo mzee Karabai. Swali lako la mwezi nimeliweka akiba, nitalirudia, maana haliwezi kujibiwa kabla ya mengine.

Ndugu Chembe, ni kinyume chake. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kama kilo 1.025, na nyama ya mwili, ganda na chokaa vyote vinazidi hapo. Wapo wachache wenye mafuta mengi mwilini yanayowabeba, lakini wengi wakiacha kupiga makasia wanazama. Kupanda ni kazi ya kulipiwa kwa chakula. Kushuka, mara nyingi inatosha kupumzika. Ukilishika hilo mengine yote yatakuwa mepesi, kwa sababu maana yake ni kwamba kiumbe huyu hahitaji usukani wa kushukia. Anahitaji kujua lini aache kupiga kasia.

Sasa niwaeleze macho ya ajabu kuliko yote niliyopata kuyasoma.

Yupo mnyoo wa baharini anayeitwa Platynereis dumerilii, anafugwa maabara nyingi za Ulaya. Buu wake wa siku moja au mbili ni kama tufe dogo, chini ya robo ya milimita, lenye mkanda wa silia kiunoni. Silia ni vinywele hai vinavyopiga maji, na ndizo makasia yake. Mwaka 2008 kundi la Gáspár Jékely na Detlev Arendt, huko Ujerumani, lilieleza jinsi buu huyu anavyoelekea kwenye mwanga. Ana macho mawili, na kila jicho lina seli mbili tu. Moja inanasa mwanga, ya pili ina rangi inayoziba mwanga usije kutoka upande mmoja. Hakuna lenzi wala picha yoyote. Kisha seli ya mwanga inatupa uzi wa neva moja kwa moja mpaka kwenye seli zenye silia za upande uleule. Katikati hakuna ubongo unaoamua.

Jicho la kulia likipigwa na mwanga, linamwaga asetilikolini, kemikali ileile ambayo neva zetu hutumia kuamrisha misuli. Silia za kulia zinapunguza nguvu ya kusukuma maji. Mzee Karabai anajua kitakachofuata: watu wawili wanapiga kasia, wa kulia akilegeza, mtumbwi unakata kulia. Kulia ndiko mwanga ulikotoka. Basi. Seli mbili, uzi mmoja, na chombo kimeshageuka.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliweka karatasi chini nikatoka nje kutembea. Sisi tunafikiri ili uelekee kitu lazima kwanza ukione.

BintiChwaka

Kaka KinaKirefu, nimekuelewa kwenye kasia, lakini kuna kitu hakijakaa sawa. Jicho la seli mbili linajua kuna mwanga au hakuna. Mwanga ukitoka juu kidogo, au nyuma, linatofautishaje? Na je, akigeuka akapitiliza?

KinaKirefu

Dada, swali lako ndilo lililoshika kiini chenyewe. Buu haendi moja kwa moja. Anasonga mbele huku anazunguka kwenye mhimili wake, kwa hiyo njia yake ni kama mkunjo wa parafujo. Kila anapojizungusha, jicho linafagia pande zote, kama mlinzi mwenye tochi moja anayezunguka nyumba. Mwanga ukiwa ubavuni, jicho linapata mwanga, linapata kivuli, mwanga, kivuli, na kila likipata mwanga kasia la upande ule linalegea kidogo. Anakata kidogo, anazunguka, anakata tena. Siku akielekeana na mwanga kabisa, kuzunguka hakubadilishi chochote: macho yote yanapata kiasi kilekile muda wote, hakuna kasia linalolegezwa zaidi ya jingine, naye anakwenda mbele. Hapitilizi, kwa sababu kosa likiisha na marekebisho yanaisha.

Watafiti haohao walionyesha kwamba kuzunguka ni sharti: bila kujizungusha, buu hawezi kufuata mwanga. Na ule mkunjo wa njia unaongeza usahihi. Mzunguko ambao mtu angeuona ni kupoteza nguvu ndio unaolifanya jicho moja lifanye kazi ya macho mengi.

mwalimu_wa_bios

Nafuatilia uzi huu nikiwa chumba cha walimu, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu watausikia kesho. Niongeze kidogo kutoka kwa mnyoo huyohuyo, kwa sababu amechunguzwa kuliko karibu kila planktoni mwingine.

Maji hayamezi rangi zote sawa. Nyekundu inakwisha mapema sana, mita chache tu. Bluu inakwenda mbali kuliko zote kwenye maji safi. Urujuanimno, ile mionzi tusiyoiona inayounguza ngozi, iko nyingi juu na inapungua haraka kuliko bluu. Maana yake, uwiano wa urujuanimno na bluu ni kipimo cha kina.

Buu wa Platynereis, mbali na macho, ana seli nyingine za mwanga ndani ya ubongo wake mchanga, na hizo zinahisi urujuanimno. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba seli hizo zikiamka, buu anaogelea kwenda chini, na amri hiyo inashinda ile ya macho inayomvuta kwenye mwanga. Mabuu yaliyoondolewa protini ya kunasa urujuanimno hayakushuka. Kwa hiyo juu kuna amri mbili zinazovutana, na anapokaa buu ni pale zinapolingana.

Ajabu zaidi: mwaka 2023 ilionekana kwamba seli hizohizo zinahisi mgandamizo wa maji. Mgandamizo ukiongezeka, yaani kama amezama, buu anapiga silia kwa kasi na kupanda. Kiungo kimoja kinasoma mwanga na kina kwa pamoja.

Na ipo homoni. Mwaka 2014 maabara ya Arendt ilionyesha kuwa usiku buu hutengeneza melatonini, ileile inayotuletea sisi usingizi. Kwake inafanya silia zisimame kwa muda mrefu zaidi kila zinaposimama, anazama polepole usiku kucha, na jua likichomoza anakuwa ameshakuwa chini. Mimi hilo linanigusa sana. Usingizi wetu na kuzama kwao vinabebwa na kemikali moja.

BintiChwaka

Mwalimu asante. Ila ngoja. Umesema urujuanimno unamfanya aende *chini*. Urujuanimno ukiwa umejaa pande zote kwenye maji, chini anaijua kwa kitu gani?

KinaKirefu

Dada Binti, umeuliza lililonichukua mimi wiki nzima. Kwenye jaribio lile urujuanimno haukuwa na upande, ulimfikia kutoka kotekote. Hata hivyo alishuka. Mgandamizo nao hauna upande kwa kiumbe mdogo namna hiyo: tofauti kati ya kichwa chake na mkia wake ni kama hakuna. Kwa hiyo hizi alama mbili zinampa amri, wala hazimwonyeshi njia. Njia anaipata kwenye uvutano wa dunia.

Hapa ndipo nilipobadili mawazo yangu yote, na ndilo jambo nililotaka kulisema kwa uzi huu. Tumezoea kusema planktoni hufuata mwanga. Baharini, mara nyingi mwanga kwao ni saa na kipimo cha kina. Dira yao ni uzito.

Na uzito unasomwa kwa njia nyingi. Njia rahisi haina kiungo chochote. Fikiria boya ulilolifunga jiwe chini: ukiliinamisha vipi, linasimama tena. Buu wa chaza au konokono ana ganda zito linaloning'inia chini na silia juu, kwa hiyo hata akipinduliwa na wimbi, uzito wenyewe unamgeuza akaangalia juu, na akipiga silia anapanda. Hajahisi wala hajaamua kitu. Umbo lake limemfanyia.

Njia ya pili ni kijiwe. Yavuyavu ana pembezoni mwa mwavuli wake vijifuko vidogo, yule wa kawaida wa jamii ya Aurelia ana vinane, na kila kimoja kina fuwele za kalsiamu sulfeti, ndugu wa jasi. Mwili ukiinama, fuwele zinalemea upande. Mwezi Juni 1991 chombo cha anga Columbia kilibeba polipi (yavuyavu wa hatua ya kujishikiza) na vichanga vya yavuyavu zaidi ya elfu mbili. Waliokulia huko, mahali ambapo kijiwe hakina uzito wa kulemea, waliporudi duniani wengi zaidi yao waliogelea kwa kuyumba kuliko wenzao waliobaki. Walikuwa na vijiwe, ila pengine walikuwa hawajapata kujifunza chini ni nini.

Tenofora, yule wa mviringo anayemeta rangi kama upinde wa mvua ukimmulika, ana kijiwe kimoja utosini kilichoegemea vishungi vinne vya silia. Kila kishungi kinaongoza mistari miwili kati ya minane ya vichanuo anavyoogelea navyo. Akiinama kushoto, kijiwe kinakandamiza kishungi cha kushoto, na mistari ya huko inabadili kasi mpaka asimame wima. Ni mizani ya sonara iliyofungwa moja kwa moja kwenye makasia.

Na kwa anayetaka ushahidi wa mkono: Vienna, mwaka 1893, Alois Kreidl alitumia kamba. Kamba wanapojivua gamba hupoteza vijiwe vyao vya mizani, hujaza chembe mpya za mchanga kutoka sakafuni. Kreidl akawaondolea mchanga akawawekea unga wa chuma. Wakajaza chuma. Kisha akasogeza sumaku, na kamba wakajipanga kuifuata sumaku kana kwamba huko ndiko chini. Ikiwa juu yao, wakageuka tumbo juu. Kamba mkubwa si planktoni, lakini sijaona jaribio lililo wazi kuliko hilo.

Chembe

Naondoa kauli yangu ya vitu vyepesi. Ila mwani wa seli moja hauna kijiwe wala neva. Nao?

mwalimu_wa_bios

Ngoja nilijibu hili, maana nalipenda.

Upo mwani mmoja wa baharini, Heterosigma akashiwo, ambao ukizidi huua samaki wa kufugwa. Ni seli moja yenye mijeledi ya kuogelea, na kwa kawaida hupanda juu. Mwaka 2017 Anupam Sengupta, Francesco Carrara na Roman Stocker walitangaza jaribio dogo sana kwa vifaa: waliziweka seli kwenye kijichumba chembamba wakawa wanakipindua, juu chini, chini juu, kama vile vurugu za maji zinavyopindua seli baharini. Ndani ya makumi ya dakika kundi liligawanyika mawili. Nusu waliendelea kupanda, nusu wakaanza kushuka. Sababu: waliokuwa wakishuka walikuwa wamebadili kidogo umbo lao, uwiano wa unene wa mbele na nyuma, na kwa mabadiliko hayo madogo uzito na msuguano wa maji ukawaelekeza chini. Seli isiyo na neva imehisi dhoruba, ikajifinyanga upya, ikabadili safari.

Kwa hiyo Chembe, hata hapa dira ni uzito. Ukibadilisha umbo unabadilisha dira.

Karabai_Mbili

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nasubiri mwezi wangu.

KinaKirefu

Mzee, umesubiri kwa uvumilivu. Nianze na taa.

Jua linapozama, ile amri ya kukaa chini inaondoka. Saa yao ya mwilini na giza vinakubaliana, wanapanda. Wewe unapowasha taa saa mbili usiku, wengi wameshafika juu au wako njiani. Taa haikuwatoa vilindini.

Sasa linganisha taa na jua. Taa zenu zinatoa urujuanimno kidogo sana, kwa hiyo amri ya kushuka haipo. Na mwanga wa mchana chini ya maji hauna chanzo kimoja: unatawanywa na maji, unashuka kama mwavuli kutoka juu, umefifia kila upande kwa mpangilio. Maisha yao yote ya baharini hawajawahi kukutana na nukta moja inayowaka ubavuni huku pande nyingine zote ni giza. Macho yao yakikutana nayo yanafanya yalichoumbwa kufanya, kulegeza kasia la upande wa mwanga, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka wamefika. Sioni kupenda hapo. Usukani umeshikwa na taa.

Richard Forward wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na wenzake waliliona hili maabara miaka ya 1980 kwa mabuu ya kaa. Ukiyamulika kwa mwale mwembamba, yanakuja. Ukiwawekea mwanga unaotawanyika kama wa baharini, kule kukimbilia mwanga hakuonekani, wanachofanya ni kuukwepa. Maana yake hata chupa yangu na tochi ya simu ilinipa jibu la tochi, haikunipa jibu la bahari.

Mwezi sasa. Mwezi mpevu unafanya mambo mawili. Unajaza maji kwa mwanga hafifu unaotoka juu kotekote, kwa hiyo taa yako inapoteza ile tofauti kali kati yake na giza. Nguvu yake inaishia karibu zaidi. Na wenyewe planktoni wanakaa chini zaidi, kwa sababu kwa samaki anayewinda kwa macho mbalamwezi ni mchana mdogo. Ushahidi mzuri kuliko wote umetoka mbali nasi, Aktiki, ambako majira ya baridi jua halichomozi kwa wiki nyingi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016, ukiongozwa na Kim Last wa Uskoti, ulionyesha kwamba huko safari ya kila siku inaacha kufuata saa 24 na kufuata saa 24.8, ambazo ndizo urefu wa siku ya mwezi. Na kila mwezi unapokuwa mpevu, wengi wanazama mpaka karibu mita 50. Jua limeondoka, wao wameupokea mwezi kuwa saa yao. Nyinyi mnaoshona nyavu wakati wa mbalamwezi mnafuata kalenda ileile.

Na kule kupunguza taa mpaka ibaki moja hafifu: kwa dagaa wenyewe sitasema mengi maana dagaa wana macho kamili na akili zao. Kwa planktoni, nukta inayobaki ndiyo pekee yenye upande, na ukali ukipungua wanaweza kuisogelea zaidi kabla hawajafika mahali panapowazidi.

BintiChwaka

Hapo kwenye Aktiki nimekumbuka kitu. Sisi huku kila mwaka hoteli za ufukweni zinaongeza taa zinazomulika baharini usiku kucha. Kama taa ya boti inashika usukani wao kwa saa chache, taa ambayo haizimwi je?

KinaKirefu

Dada, hilo limepimwa hukohuko Aktiki kwa taa za meli. Mwaka 2020 Jørgen Berge na wenzake walionyesha kuwa taa za kawaida za kazi za meli, wakati wa usiku mrefu wa baridi, zinabadili mienendo ya samaki na planktoni mpaka kina cha mita 200. Kwa fukwe zetu ningependa sana mtu alipime. Usiku wa giza, wavu wa shashi mbele ya hoteli yenye taa, na wavu uleule kilomita chache mbali penye giza. Haigharimu pesa nyingi. Ni kukesha tu.

Chembe

Mleta uzi, la mwisho kutoka kwangu. Unazungumza kana kwamba wote ni wale mabuu ya mnyoo. Kuna maelfu ya aina.

KinaKirefu

Ni kweli, na nashukuru umelisema. Mnyoo nimemtumia kwa sababu njia yake imefuatwa waya kwa waya. Wengine wamefika kwa njia zao. Buu wa sifongo wa tumbawe kubwa la Australia, Amphimedon queenslandica, hana neva hata moja. Ana pete ya seli zenye silia ndefu na rangi upande wa nyuma, kila seli inahisi mwanga na kujibu yenyewe bila kuuliza jirani, na kwa jumla ya seli hizo buu anaukimbia mwanga, anatafuta vivuli vya kujishikiza. Dinoflajelati wa jamii moja, seli moja tu, wana kijicho chenye lenzi, na sehemu ya kunasa mwanga imetengenezwa kutokana na kile kilichokuwa kiungo cha usanisinuru. Kopepodi naye ana jicho moja la katikati la vikombe vitatu. Kinachojirudia kwa wengi ni kile tu: mwanga unasema lini na kina gani, uzito unasema wapi.

Karabai_Mbili

Kijana, jana tulitoka. Nimefanya yako kwa chupa, ila nimeongeza langu. Nilifunga plastiki nyekundu kwenye tochi, kwa kuwa mwalimu alisema nyekundu inakwisha mapema majini nikadhani hawa hawaijui sana. Kweli, kwa nyekundu hawakukusanyika, wakaendelea na shughuli zao, nikaweza kuwatazama. Waliokuwa wanaruka walikuwa kila mahali. Walioteleza walikuwa wengi juu, chini ya kizibo.

Kisha nikatoa plastiki, nikaweka tochi *chini* ya chupa, mwanga unapanda. Hapo ndipo nilipomwita mtoto wangu aje aone. Wengi waliteremka mpaka kitako cha chupa wakabanana kwenye kioo cha tochi. Lakini kundi jingine halikushuka. Lilibaki juu palepale, linazunguka, na wengine walikuwa wamegeuka, mgongo chini.

Nilizima tochi nikahesabu mpaka mia mbili, nikawasha ile nyekundu. Waliokuwa chini walikuwa wameanza kupanda.

Mwezi ujao giza likirudi nakwenda na chupa tatu. Niambie nipime nini.

KinaKirefu

Mzee wangu, chupa moja iwe gizani kabisa, ifunikwe kitambaa cheusi, uifunue kwa nyekundu baada ya nusu saa. Ya pili tochi ubavuni. Ya tatu tochi chini kama ulivyofanya. Zote zichotwe ndoo moja, kabla taa za boti hazijawashwa. Andika waliobaki juu, kati na chini, hata kwa makadirio. Waliogeuza mgongo nataka sana kujua ni wa umbo gani: wana miguu, au ni laini? Nitakuletea kioo cha kukuzia.